Nauli ya Korona: Vile Simu Ilipanda Matatu za Eastlands

Kama uliishi Umoja, Kayole au Dandora mwaka 2020, hesabu ya nauli bado unaikumbuka. Matatu ya viti 14 iliamriwa kubeba watu 8. Petroli ya safari haikupungua, kwa hivyo hao wanane ndio walilipia viti vilivyobaki wazi. Machi 27 kafyu ikaanza: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kila mtu tao alitaka kuvuka Jogoo Road kabla ya saa moja, na makanga walijua hivyo. Bei ya jioni, wacha tu.

Kufanya kazi nyumbani kulikuwa kwa wachache. Karani wa Donholm aliweza kuhamishia ofisi kwenye meza ya kulia. Fundi wa Kariobangi Light Industries hangeweza kuchomelea geti kwa intaneti, na muuza mitumba wa Gikomba vilevile. Hata huyo karani hakuokoa sana, kwani nauli iligeuka bando, tokeni za stima na chapati za saa nne. Lakini hiyo pesa sasa ilibaki mtaani, kwa mama mboga na kwa duka la ploti.

Na mara nyingi ilipitia kwa simu. Machi 16, 2020, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba malipo ya simu ya hadi shilingi 1,000 yasitozwe ada. Elfu moja kushuka chini ndiyo pesa ya Eastlands: nauli, sukuma, maziwa, mitungi ya maji. Kabla ya hapo, ukituma 300 halafu ukatwe ada, uliona afadhali utoe noti. Sasa noti yenyewe tulikuwa tunaiogopa. Nafuu hiyo iliisha Desemba 31, 2020 na ada zikarudi. Tabia ya kulipa kwa simu haikurudi nyuma.

Shida iko hapa: matatu nyingi bado zinapokea nauli kwa namba ya konda mwenyewe. Muziki uko juu, konda anaitamka namba mbio, wewe unabonyeza ukitazama steji yako isipite. Tarakimu moja ikikosewa, nauli yako imeenda kwa mtu usiyemjua. Kwa hivyo msomee konda namba tena. Jina likitokea kwenye skrini, muulize anaitwa nani kabla hujaweka PIN. Gari likiwa na namba ya till, tumia hiyo.

Ukikosea, tujulishe papo hapo, usingoje ufike nyumbani. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya aliyeipokea, kuna nafasi ya kuizuia. Akishaitoa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Na ukipigiwa simu na mtu analia ametuma nauli kwako kimakosa, angalia salio lako kwanza. Meseji pekee haitoshi, matapeli huziandika wenyewe. Hata kama pesa imeingia kweli, usimtumie wewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja, irudishwe kwa njia yake.

Makonda nao, kabla ya kumshukisha abiria, someni tarehe na saa kwenye ile meseji anayowaonyesha. Wengine huonyesha ya jana.