Kombe Haliandikwi kwa Biro

Jumamosi moja mjukuu wangu alishikwa na homa. Dawa ya daktari alikwisha kupewa, lakini mama yake hakutulia, basi akaitwa mzee mmoja wa Lamu, jirani yetu hapa Hayes, London, aje amwandikie kombe. Mzee aliomba sahani nyeupe isiyo na maua. Zafarani akairoweka kwa marashi katika kikombe cha kahawa, akangoja hadi maji yakawa na rangi ya kiini cha yai, ndipo akatoa mfukoni kalamu ya mwanzi.

"Babu, mbona hutumii biro?" mtoto akauliza.

"Wino wa biro haunyweki, baba," mzee akamjibu. Akaandika aya polepole, akaosha sahani kwa maji kidogo, mtoto akanywa.

Wapo mashekhe wanaolikataa kombe, na hoja zao nimezisikia. Langu leo ni hiyo kalamu.

Ncha ya mwanzi hukatwa mshazari, kisha hupasuliwa katikati ili ishike wino. Ukiivuta huku mstari hunenepa, ukiivuta kule hukonda. Ukiibonyeza na kuivuta kidogo unapata nukta ya pembe nne, na nukta hiyo ndiyo kipimo cha khati yote. Tangu zama za Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, urefu wa alifu umehesabiwa kwa nukta: tano kwa khati hii, saba kwa ile. Biro ina kigololi nchani. Uigeuze utakavyo, mstari ni ule ule, na nukta yake ni tone tu, haipimi kitu. Watoto wetu wanaosoma madrasa za Jumamosi na Jumapili huandika alifu ndefu kama ufito na be fupi kama ukucha. Watu huwaita wavivu. Mimi naona wamenyimwa kipimo.

Wachina nao yamewafika hayo hayo ya kubadili kalamu. Brashi yao ya manyoya hufunzwa kwa neno *yong*, yaani milele, kwa sababu lina ndani yake mikato minane ya msingi. Peni yenye ncha ngumu ilipoenea, waliifanya fani yenye jina lake, lakini mwanafunzi wa peni bado hunakili mifano ya mabingwa wa brashi kama Wang Xizhi wa karne ya 4. Tofauti ya unene na wembamba wa mkato hupungua, umbo la neno hubaki. Sisi biro ilipoingia madrasani tuliutupa mwanzi pamoja na ubao na wino wa masizi, na mifano tukaiacha kabatini.

Na mifano tunayo! Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliandika misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kazi ambayo hadi leo inastaajabisha. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tendi kwa mkono ule ule uliochonga milango, na ukiitazama khati yake utaona mchongaji: kila herufi imekaa mahali pake kama nakshi kwenye mbao. Baadhi ya kazi zake zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha SOAS, hapa hapa London. Kutoka stesheni ya Hayes & Harlington treni inakufikisha Tottenham Court Road bila kubadilisha, na kutoka hapo unakwenda kwa miguu.

Siichukii biro. Ndiyo iliyoandika barua zetu za nyumbani kwa miaka mingi, na bila hiyo watoto wengi hapa wasingejua hata kuandika bismillahi. Lakini mkono uliowahi kushika mwanzi huandika vizuri hata kwa biro, kwa kuwa jicho limekwisha kujua nukta ngapi zinatosha. Mzee alimwachia mjukuu wangu ile kalamu. Nawe mzazi mwenzangu, mtafutie mwanao mwanzi, umkatie ncha, umwonyeshe nukta moja kabla hujampa daftari.