Mrusha Mkuki wa Nandi

Mtu akisimama langoni mwa Ngome ya Yesu, Mombasa, akageuka kuelekea Mji wa Kale na kuhesabu hatua ndefu tisini na tatu, atajua mkuki wa Bwana Julius Yego ulikwenda umbali gani tarehe 26 Agosti, 2015, mjini Beijing. Ulikwenda mita 92.72, yaani futi 304. Wale waliokaa chini ya kuta hizo katika mzingiro wa mwaka 1696 wangeshukuru kwamba hakuwako juu yake.

Bwana Yego alizaliwa mwaka 1989 katika Nandi, nchi ya wakimbiaji. Kijana wa huko akionekana ana nguvu, watu humtazama miguu. Yeye alitegemea mkono wake. Utotoni alirusha mikuki ya miti. Baadaye, kwa kukosa mwalimu, aliingia katika duka la intaneti akatazama sinema za mabingwa wa Ulaya, Jan Železný wa Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norwei, kisha akaenda uwanjani kujaribu peke yake yale aliyoyaona. Kazi hiyo si nyepesi. Mkimbiaji aweza kujifunza kwa kumfuata aliye mbele yake, bali mrusha mkuki hajioni anapokosea.

Mwaka 2011 alishinda katika Michezo ya Afrika huko Maputo, akapata nafasi ya kwenda Finland kufundishwa na Bwana Petteri Piironen. Katika Olimpiki ya London, 2012, alikuwa wa 12. Moscow, 2013, ndiko alikoumia moyo: alikuwa wa tatu mpaka mzunguko wa mwisho, ndipo Mrusi Dmitriy Tarabin akampita, akarudi mikono mitupu.

Mwaka uliofuata alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, katika Scotland, ambako wanaume tangu kale hushindana kutupa nyundo, mawe na magogo. Kisha ikaja Beijing. Alipouachilia mkuki alianguka kifudifudi, kama ilivyo desturi yake, na Kenya, ambayo dhahabu zake zote za dunia zilikuwa za miguu, ikapata ya mkono.

Rio, 2016, alipata fedha kwa mrusho wa kwanza, mita 88.24, kisha akaumia kifundo cha mguu. Agosti 2024, mjini Paris, mwenye umri wa miaka 35, alirusha mita 87.72 akawa wa tano. Ukilinganishwa na ule wa Beijing, mrusho huo ulipungua hatua tano tu za pale langoni.