Mshipi Gani Unafaa Mwanzi wa Zamani?

Katika baadhi ya nyumba zetu hapa Kisiwani umo mwanzi wa kuvulia ulioachwa na mzee. Umechomekwa darini miaka mingi. Siku moja kijana anaushusha, anaufuta vumbi, anakwenda dukani kununua mshipi. Muuza duka anamwuliza, "Unataka wa nguvu gani?" Naye anajibu, "Nipe ule mnene kabisa, usiokatika."

Kosa linaanzia hapo.

Mwenzetu mmoja alifanya hivyo hivyo. Alikwenda bwawa la Kalemawe, huku huku wilayani Same, na mwanzi wa marehemu babu yake. Ndoana ikanasa kwenye kisiki ndani ya maji. Akavuta. Mshipi haukukatika, wala ndoana haikutoka. Mwanzi ukavunjika katikati. Basi akavua shati, akataka kuingia majini kufuata kipande na ndoana yake! Wenzake wakamshika. Jamani, ndoana ni kitu cha bei ndogo. Mtu haingii kwenye maji asiyoyajua, pengine yana mamba, kwa ajili ya ndoana.

Kwa hiyo tukubaliane: kikizidiwa kitu, kiwe mshipi. Mshipi utanunua mwingine. Mwanzi wa babu hauuzwi dukani.

Zamani shida hii ilikuwa ndogo. Mishipi mingi ilisokotwa kwa nyuzi za pamba au katani, nayo ilioza upesi na kukatika mapema. Nailoni iligunduliwa Marekani mwaka 1935. Haiozi majini, na uzi wake mwembamba una nguvu ajabu. Mwanzi wako ni ule ule, lakini mshipi umebadilika.

Je, tutajuaje nguvu ya mwanzi? Kwanza ukague. Tazama kila pingili. Ukiona ufa, au unga unaomwagika kutoka kwenye matundu ya wadudu, usivulie. Mwanzi huo umekwisha. Ukiwa mzima, upime kwa maji. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Funga chupa tupu ya plastiki kwenye ncha kwa kamba fupi. Mtu mmoja ashike shina, mwanzi ukiwa umelala sawasawa na ardhi. Mwingine atie maji kidogo kidogo mpaka ncha ipinde na kuelekea chini. Ukisikia mwanzi unalia, acha hapo hapo.

Sasa pima maji yale. Mvuvi mmoja wa Uingereza, Richard Walker, ambaye mwaka 1952 alivua samaki wa kilo 20 kwa fimbo ya mwanzi, alifundisha kuzidisha uzito huo mara 5. Mfano: maji ni nusu lita, yaani nusu kilo. Nusu kilo mara 5 ni kilo 2 na nusu. Basi tafuta mshipi unaokatika kwa kilo 2 na nusu. Lakini fimbo ya Walker ilikuwa ya mwanzi uliopasuliwa na kugandishwa kwa gundi, tena ilikuwa na gurudumu la kuachia mshipi samaki anapokimbia. Wetu mshipi umefungwa kwenye ncha, hauna pa kukimbilia. Sisi tunashauri mara 4 tu kwa mwanzi mkongwe, yaani kilo 2.

Nguvu ya mshipi huandikwa kwenye kibandiko chake. Wewe sasa unajua kusoma, kwa hiyo usikubali kuambiwa tu "huu ni mzuri". Kama kibandiko hakipo, upime kwa dumu la maji. Ulowanishe kwanza, maana nailoni ikilowa hupungua nguvu kidogo. Fundo nalo hupunguza nguvu, hasa likikazwa kavu. Litie mate kabla ya kulikaza.

Mshipi wa kilo 2 unamtosha perege. Kambale mkubwa je? Huyo mvulie kwa mshipi wa mkono, mwanzi wa mzee ubaki nyumbani.

Na ndoana ikinasa, usivute kwa mwanzi. Ulaze chini. Zungusha mshipi kwenye kijiti, siyo kwenye vidole, maana utakukata. Geuza uso pembeni, kisha rudi nyuma polepole mpaka ukatike.