Uliza upepo kabla ya kulipia mashua

MTU anayepanga kwenda Malindi au Watamu kuvua kwa burudani hana budi kujua majira ya upepo kabla hajatoa fedha zake. Pwani ya Kenya hutawaliwa na pepo mbili: kusi, ambao huvuma takriban Aprili hadi Oktoba, na kaskazi, unaoanza Novemba au Desemba hadi Machi.

Kusi unaposhika kasi kati ya Mei na Julai, bahari huchafuka na mashua nyingi za uvuvi huu hutiwa nanga. Anayelazimisha safari wakati huo hupoteza fedha, na huenda akahatarisha maisha.

Kuanzia Agosti upepo hulegea na makundi ya jodari huanza kupita. Novemba hadi Januari ni msimu wa sulisuli, samaki mwenye pezi la mgongoni mfano wa tanga. Januari hadi Machi ni zamu ya nduwaro, ambaye pia hutafutwa Shimoni, kwenye mkondo wa Pemba.

Hata hivyo, kalenda pekee haitoshi. Mvua kubwa ikinyesha bara, Mto Sabaki humwaga matope katika bahari ya Malindi. Kwa kuwa samaki hawa huwinda kwa macho, manahodha hufuata mpaka ambapo maji ya udongo hukutana na yale ya buluu. Aidha, huwatazama ndege: wanapojitosa majini pana dagaa, na palipo na dagaa, samaki wakubwa hawako mbali.

Basi mwenye likizo ya Juni ni heri asubiri.