Boti haijaondoka Salale? Jaribu kwanza memori kadi mpya

Ukitoka Salale kwa boti kwenda kurekodi harusi visiwani, delta ya Rufiji, kadi ikijaa katikati ya shughuli huna pa kukimbilia. Ongeza nafasi mapema, hivi:

Kwanza, angalia kamera yako inapokea kadi gani. Inayoishia SDHC mwisho wake ni GB 32. Ya GB 64 inaweza isisome kabisa.

Pili, hamishia video za zamani kwenye kompyuta, kisha fomati kadi mpya ndani ya kamera yenyewe.

Tatu, rekodi majaribio mpaka kadi ijae, halafu zicheze zote. Kadi feki huandikwa GB 128 wakati ndani ni ndogo. Ikizidiwa, video zinaharibika.

Harusi hairudiwi kwa ajili ya kamera.