Siasa Isivunje Mkono wa Idi

Wazanzibari wanaokumbuka miaka iliyofuata uchaguzi wa 1995 wanajua siasa huweza kuifikisha wapi familia. Watu walisusiana. Mfuasi wa chama hiki hakununua dukani kwa mfuasi wa kile, hata mazikoni watu hawakwenda, na zipo ndoa zilizovunjika. Mambo yalianza kutulia pale Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walipokutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009. Kura ya maoni ikafuata Julai 2010, na asilimia 66.4 ya wapiga kura wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa.

Wawili hao walisikilizana mbali na majukwaa, na nawaomba wenye familia wazingatie hilo. Mtu akipingwa mbele ya watu, hasa wakwe na watoto wake, huacha kupima hoja akaanza kulinda heshima yake. Sauti hupanda, moyo humwenda mbio, na lolote utakalomwambia halimwingii. Ukimwambia ami yako mbele ya sinia la pilau la Idi kwamba chama chake ni cha wezi wa kura, yeye husikia kwamba mwizi ni yeye.

Kwa hiyo mkubwa wa nyumba asingoje ugomvi uwake. Aseme mapema, kabla watu hawajanawa: leo tumekuja kuonana, siasa tuiache. Neno hilo likitoka kwa kijana, huonekana amechukua upande; likitoka kwa bibi, linapita.

Sisemi siasa isizungumzwe katika ukoo. Izungumzwe siku nyingine, na watu wawili, barazani, bila wasikilizaji. Tena usianze kwa kumhoji msimamo wake, muulize yaliyompata. Ambaye wazee wake walipewa ekari tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, na ambaye nduguye aliuawa katika maandamano ya Januari 2001, hawawezi kukitazama chama kimoja kwa jicho moja. Nimeona wengi wakipoa hapo, ingawa kura zao hazikubadilika. Na hazina haja ya kubadilika.

Kama kuna ndugu hamjaamkiana tangu uchaguzi, sikukuu mosi nenda kwake wewe kwanza, mpe mkono, wala usimuulize alimpigia nani.