Makala ya miti, makala ya mawe na umeme wa Katanga

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia neno makala hufikiria jarida kama hili. Kwetu Kakanda, mji wa machimbo ya shaba na kobalti upande wa kaskazini-magharibi ya Likasi, makala hayasomwi. Hununuliwa kwa gunia, au kwa kifuko pesa ikiwa haba, hutiwa kwenye mbabula, na yakikosekana watoto hulala na njaa hata kama unga upo. Ni mkaa. Maneno haya mawili yamefanana kwa bahati tu. Makala ya kusoma asili yake ni Kiarabu. Makala ya kupikia ni neno la Kibantu la zamani, ambalo Kiluba na Kilingala vimelitunza pamoja na l yake, ilhali Kiswahili cha pwani kiliiangusha l hiyo kikabaki na makaa. Wanafonolojia wataniwia radhi kwa kupita hapo mbio.

Nimeanza na neno kwa sababu mjadala ninaotaka kuueleza hukwama kwenye neno. Swali lenyewe linajulikana: je, nchi maskini yenye makaa ya mawe ardhini iyachimbe na kujenga vituo vya umeme, kama Uingereza na China zilivyofanya, au iende moja kwa moja kwenye maji, jua na upepo? Swali hili huulizwa kana kwamba makaa ni ya namna moja. Katanga yako ya namna mbili, na yale yanayotutoa machozi jikoni hayatoki kwenye kituo chochote cha umeme.

Tuanze na ya mawe. Wengi hawajui kwamba shaba ya Katanga ilizaliwa kwa makaa ya mawe. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba. Koki ya kulilisha ililetwa kwa treni kutoka Wankie, Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Hwange ya Zimbabwe. Katika miaka ya 1920 yakafunguliwa machimbo ya Luena, katika eneo la Bukama, kwenye reli ile ile inayopita Tenke na Lubudi. Kwa hiyo makaa tunayo, tena si mbali. Tatizo la Luena ni ubora: yana majivu mengi na hayageuki koki nzuri. Yalifaa kwa viwanda kama kile cha saruji cha Lubudi, lakini kwa tanuri la shaba ilibidi koki iendelee kuagizwa.

Kampuni ya kikoloni haikuwa na habari ya hali ya hewa ya dunia. Ilichotafuta ni nguvu ya bei nafuu, na iliipata kwenye maporomoko. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha lilianza kazi kwenye mto Lufira, likazaa ziwa Tshangalele. Koni ikafuata kwenye mto huo huo mwaka 1950, kisha Nzilo (1952) na Nseke (1956) kwenye Lualaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaongezwa waya wa kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi, mojawapo ya njia ndefu kabisa za umeme duniani, ambao unapita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Ndiyo maana naona mfano wa Uingereza na China hautufai. Wao walianza na makaa; Uingereza iliyaacha kwenye umeme mwaka 2024, na China bado inahangaika kuyaacha. Sisi tulianza nayo pia, ila tukaingia kwenye maji zaidi ya miaka tisini iliyopita. Leo karibu umeme wote wa Kongo ni wa maji, na bado mtu mmoja tu kati ya watano hivi anaupata.

Basi kwa nini watu wanazungumza tena juu ya makaa ya mawe? Kwa sababu umeme hautoshi, na sababu hiyo ni nzito. Vile vituo vinne vya Katanga, vyote kwa pamoja, havifiki megawati 500. Mitambo ni mizee; Mwadingusha ilibidi ifanyiwe ukarabati mkubwa, kwa pesa za mgodi wa Kamoa-Kakula, uliokamilika mwaka 2021. Migodi imeongezeka tangu miaka ya 2000, na kila mmoja una vinu, pampu na matangi ya kusafishia shaba kwa umeme usiku na mchana. Wanaokosa huwasha jenereta za dizeli au hununua umeme wa Zambia. Kisha mwaka 2024 Zambia yenyewe ikapigwa na ukame. Ziwa Kariba lilishuka kiasi cha mitambo karibu kusimama, na miji ya Zambia ikakaa gizani zaidi ya saa kumi na mbili kwa siku. Kituo kikubwa kilichoendelea kuzalisha bila kujali mvua ni Maamba, cha megawati 300, kinachochoma makaa ya mawe tangu mwaka 2016. Aliyeona hayo akasema, "Afadhali na sisi tuwe na Maamba yetu Luena," hakusema upuuzi.

Hata hivyo kuna mambo yanayosahauliwa. La kwanza ni pesa. Vituo vingi vya makaa vilivyopangwa Afrika vilitegemea mikopo ya China, na mnamo Septemba 2021 Rais Xi Jinping alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba nchi yake haitajenga vituo vipya vya makaa ya mawe nje ya mipaka yake. Mfano wa Lamu unafundisha. Kenya ilipanga hapo kituo cha megawati 1,050, zaidi ya mara mbili ya vituo vyetu vinne, karibu na mji mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wavuvi na wakazi walikwenda kwenye baraza la rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata benki ya China iliyotarajiwa kukopesha ikajitoa. Miaka ikapita, mradi haukutoa hata uniti moja.

La pili ni maji. Wengi wanadhani kituo cha makaa kinaukwepa ukame kabisa. Makaa huchoma maji yakawa mvuke, mvuke ukazungusha rafadha, kisha mvuke huo lazima upozwe, na vituo vingi huupoza kwa maji ya mto au ziwa. Majivu nayo hutaka mahali pa kulala. Katika eneo ambalo mito yake tayari inapokea uchafu wa migodi, sioni nani atajitolea kuyalaza kwake.

La tatu ni soko. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa huenda kwenye betri, zikiwemo za magari yanayouzwa kwa jina la usafi. Mnunuzi wa betri hizo ameanza kuuliza kobalti ilichakatwa kwa umeme gani. Umeme wa Lualaba ni mtaji katika mazungumzo hayo. Umeme wa Luena utakuwa mzigo.

Mpaka hapa nimesema yale ambayo mwanaharakati yeyote angesema. Sasa niseme lile linalonisumbua. Chukua kilo moja ya makala yetu, yale ya miti. Ina nguvu ya uniti nane hivi za umeme, lakini mbabula hupoteza sehemu kubwa hewani, na chungu hupata kama moja ya tano. Kazi hiyo hiyo ingefanywa na jiko la umeme kwa uniti mbili na nusu hivi. Uniti moja kutoka kituo cha makaa ya mawe hutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa. Uniti mbili na nusu, kilo mbili na nusu. Kilo ya makala ikiungua kwenye mbabula hutoa kama kilo tatu, na hiyo ni kabla ya kuhesabu moshi wa tanuri la udongo msituni, ambamo kilo tano hadi kumi za kuni zimeteketea ili ipatikane kilo moja. Msitu ukiachwa ukaota tena, hewa hiyo hurudi kwenye miti. Lakini mutondo na muputu havipewi nafasi ya kurudi kandokando ya Likasi wala Lubumbashi. Mchomaji husogea mbele kila mwaka, na lori humfuata.

Kwa hesabu hiyo, mama anayepikia umeme wa makaa ya mawe hachafui zaidi ya mama anayepikia mbabula, na mapafu yake yamepona. Hoja hii naiheshimu kuliko hoja zote za wapenda makaa. Ni hoja ya jikoni, na anayeipuuza kutoka ofisi yenye kiyoyozi hajawahi kupuliza moto wa mvua.

Inakwama mahali pamoja: umeme huo haungefika jikoni. Mtoto wa Kakanda huuliza kwa nini nyaya zinapita juu na nyumbani ni giza, na hujibiwa kwamba ni umeme wa mgodi. Jibu hilo ni nusu tu. Umeme wa njia kuu husafiri kwa volti 120,000 au 220,000, kwa sababu volti zikiwa nyingi unaopotea njiani huwa kidogo. Nyumba hutaka volti 220. Katikati panahitajika kituo cha kuushusha hadi volti elfu chache, nguzo za kuupeleka mtaani, transfoma ya kuushusha tena, kisha mita. Mgodi hujijengea ngazi hiyo yote kwa sababu una fedha na mkataba. Mtaa hauna. Ukiongeza megawati 300 za makaa juu ya waya bila kuijenga ngazi hiyo, umewaongezea waliokwishaungwa. Na ikijengwa, haitauliza umeme umetoka kwenye maji, jua au makaa.

Ndiyo sababu naona jua lina nafasi kubwa Katanga kuliko inavyodhaniwa. Si kwamba halina kasoro. Chakula hupikwa jioni, jua likiwa limekwenda. Ila tazama majira yetu. Kuanzia Mei hadi Oktoba hakuna mvua, mito hupungua, na anga ni jeupe siku nzima. Kuanzia Novemba mawingu hufunga, na mito hujaa. Jua na maji hupeana zamu kama wachimbaji. Hata ndani ya siku moja, umeme wa jua ukitumika mchana, maji ya ziwa la Nzilo yanaweza kubakizwa nyuma ya bwawa yakateremshwa jioni. Betri kubwa zimeanza kuingia pia: mwaka 2025 mgodi wa Kamoa-Kakula ulisaini mkataba wa kituo cha jua chenye betri, kiupe megawati 30 mchana na usiku. Wamiliki wa migodi hawafanyi hayo kwa kupenda ndege na vipepeo. Wamepiga hesabu ya dizeli.

Hapa neno linaturudia. Tanzania ilipozindua mwaka 2024 mkakati wake wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi, wengi mtaani walielewa kwamba nishati safi ni mtungi wa gesi. Kwenye mikutano ya hali ya hewa nishati safi ni jua, maji na upepo, na gesi hiyo hiyo huhesabiwa chafu. Kwa mama wa Kakanda, safi ni chochote kisichomtoa machozi. Fasiri tatu, na kila moja ina mtu wa kumfanyia kazi. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika juu ya jambo hili inampasa aseme anatumia ipi, la sivyo mkataba wa umeme wa mgodi utasomwa redioni kama habari njema ya jikoni.

Sheria haikosekani. Tangu Juni 2014 sheria ya umeme ya Kongo inaruhusu watu binafsi kuzalisha, kusafirisha na kuuza, kazi ambazo zamani zilikuwa za SNEL peke yake. Kanuni ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kila mgodi ulitakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kuandikiana nao ahadi za kazi zitakazofanywa. Mara nyingi wenyeji wakiulizwa hutaja shule, zahanati na kisima, na wana haki. Transfoma huwa haimo kwenye orodha. Haifunguliwi kwa utepe na ngoma kama shule, na aliyekaa chini ya waya miaka arobaini amezoea kudhani kwamba umeme ule una mwenyewe. Mkutano ujao wa ahadi hizo ukiitishwa Kakanda, maswali ya kuuliza ni machache: kituo cha kushusha kitakaa wapi, kitalisha mitaa mingapi, mita itasomwa na nani, na uniti mbili na nusu zitauzwa kwa bei gani zikilinganishwa na kilo moja ya makala.